Mzinga wa Sultani, Greyville

Ukitaka kunirudisha utotoni, nipitishe mtaa wa Greyville, Durban, jioni, harufu ya farasi inapovuka barabara kutoka uwanja wa mbio na kukutana na ya uji wa pilipili manga kwenye ngazi za fleti zetu. Ramadhani ninayoikumbuka ni ya mwaka ule bibi yangu mzaa mama alipoletwa kwetu kutoka Unguja. Mwili ulikuwa Durban. Akili ilikwenda na kurudi ipendavyo, na ilipokwenda, ilikwenda moja kwa moja kwa Sultani. Bibi alikulia karibu na jumba lake, na ukimsikiliza utadhani walichangia ukuta: alivyokaa kitini miaka mingi hata watu wakamsahau aliyemtangulia, bendera yake nyekundu, alivyopunga mkono garini na watoto wakagombania nani kapungiwa. Nilimpenda Sultani huyo bila kumjua.

Baba hakumpenda. Babu yake alichuma karafuu kwenye mashamba ya mabwana wa enzi hiyo, akafa bila hata mti mmoja wa kwake. Mwenye kovu usidhani kapoa. Bibi akianza tu kumsifu Sultani, baba alihamia roshani na kufunga mlango. Mimi nilibaki katikati, nikiwapenda wote wawili na kuumia.

Jioni ya kwanza ya mfungo mwadhini aliadhini, tukashika tende, Bibi akakataa. "Mzinga haujalia," alisema. Enzi za Sultani mji mzima ulifuturu kwa mlio wa mzinga, na Bibi hakuwa mtu wa kuharakishwa na mwadhini wa Durban. Alikuwa na kisukari. Tulishamsihi asifunge, akatuuliza tumekuwa masheikh lini. Mama alimbembeleza mpaka mama mwenyewe akalia. Mikono ya Bibi ilianza kutetemeka, jasho likamtoka, na bado midomo ilikuwa imefumbwa. Niliogopa atatufia pale mezani.

Baba akainuka. Alichukua mchi, akatoka hadi roshani, akalipiga pipa tupu la maji kwa nguvu zake zote. Jirani yetu Mkongo, aliyemwita baba kwa jina langu, akapaza sauti kutoka chini: "Papa Zuhura, iko nini? Gaz imelipuka?"

"Hapana, mama," baba akajibu. "Ni Sultani anafuturisha."

Bibi alisema bismillahi, akatia tende kinywani. "Leo amechelewa," akanung'unika.

Baba alilipiga pipa lile kila magharibi hadi Idi. Nilimuuliza kama sasa anampenda Sultani. "Hata kidogo," akasema. "Ila mama yako ana mama mmoja tu."

Siku hizi nimepanga chumba mtaa wa Glenwood, nasoma historia, na simu ndiyo inayoniadhinia. Bibi hayupo tena. Chuoni nimesoma jinsi Sultani yule alivyorithi kiti, alivyotawala kivulini mwa Waingereza, na jinsi ukoo wake ulivyokuja kupinduliwa. Yote nayakubali, na nikifika kwenye habari za mashamba, nipo upande wa baba. Lakini vitabu vinakosea kuhusu mwisho wa ukoo ule. Ulitawala mwezi mmoja zaidi, kwenye fleti ya Greyville, kwa mkono wa mtu aliyeuchukia.