Kiganja cha Kagabo

Kagabo, dereva wa mtaa wa Nyarutarama, alitoka jasho viganjani mpaka akifungua gazeti herufi zilikimbilia pembeni kutafuta pakavu. Walisema usukani wake unafuga samaki, na yupo aliyeapa kumwona kambale, tena mwenye sharubu.

Akisalimiwa alitoa kifundo cha mkono, kama mtu aliyeshika grisi. Kwa dereva, watu waliamini. Ila siku ya posa yake alikuwa ndani ya suti. Shangazi yake Mukankusi, mkulima wa Masaka aliyemlea tangu abaki yatima, akamnyooshea mkono mbele ya wakwe. Kagabo akampa kifundo. Shangazi akatazama sugu zake za jembe, akaondoka hata vinywaji havijaja. Tangu hapo hakukanyaga kwa Kagabo, naye Kagabo hakuthubutu kumfuata.

Dawa za kupaka zilishindwa. Sindano zilimkausha kwa muda, kisha mto ukarudi. Ndipo daktari mpasuaji akamwambia:

"Tunatoboa vitundu chini ya kwapa, tunakata mshipa wa fahamu unaoamrisha jasho la viganja. Mikono itakauka. Lakini jasho laweza kuhamia mgongoni, na mshipa ukishakatwa umekatwa."

"Kata, daktari."

"Murwaza wako ni nani?"

Maana kule mgonjwa halazwi bila ndugu wa kumuuguza. Mkewe alikuwa na kichanga. Ndugu aliyebaki alikuwa mmoja tu.

Alimkuta Mukankusi shambani, akipalilia maharage.

"Bosi! Umepotea njia?"

"Shangazi, siku ile sikuonea haya mkono wako. Niliuonea haya huu." Akampa kiganja, kinatiririka.

Mukankusi akakishika, hakukiachia.

"Mjinga wewe! Si huuhuu niliokuwa nikiushika kukuvusha barabara utotoni, umelowa hivihivi? Nikadhani umepona, sasa unaringa. Dunia nzima ungeificha, mimi pia?"

Kagabo akamweleza habari ya upasuaji, akamwomba awe murwaza wake.

Mukankusi akaja hospitalini na mkeka na chupa ya uji. Upasuaji ukaenda vizuri. Viganja vikawa vikavu kama unga wa muhogo. Ila kesho yake mgongo ukafurika, shuka chepechepe, nusura kitanda kielee hadi mlangoni. Mukankusi akamgeuza ubavu, akamfuta kwa kitenge chake kizuri, taratibu, bila hata neno.

Kagabo akafumba macho, akajifanya amelala. Heri angemtukana.