Jina Lililobaki kwa Mama wa Ubatizo

Juzi nilikwenda misheni moja huku Ruangwa kutafuta cheti cha ubatizo, maana bila cheti padri hafungishi ndoa. Nilivaa tai, mimi karani wa mashamba ya karanga ya Nachingwea. Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi. Nikamwambia asogee, asinichafulie suruali.

Nikamtajia katekista jina ninaloitwa kazini. Akapitisha kidole kitabuni, akatikisa kichwa. Nikataja la jandoni. Halimo.

“Kitabu chenu kibovu!” nikafoka.

“La kazini umejipa mwenyewe, la jandoni ulipewa na wazee,” akasema taratibu. “La ubatizo je?”

Nilikuwa nimelisahau.

“Basi baba yako nani?”

“Mhunzi wa Nandagala.”

Bibi akageuka. “Wewe! Mimi ndiye mama yako wa ubatizo.” Akalitaja jina, na kidole cha katekista kikatua palepale.

“Umelikumbukaje, mama?”

“Nitalisahauje, mwanangu? Kila jioni nakuombea kwa jina hilo.”

Nikampangusia benchi kwa tai yangu. Kumbe miaka yote hii mbinguni nafahamika vizuri. Asiyenifahamu ni mimi.