Kengele ya Tatu

Miaka ya hamsini nilikuwa mpiga kengele chini ya shimo la mgodi wa dhahabu, upande wa Geita. Kazi yenyewe ilikuwa kuvuta waya uliopanda hadi kwenye kengele iliyofungwa juu, karibu na winchi, mashine iliyovuta ndoo. Kengele mbili: pandisha mawe. Kengele tatu: pandisha watu, polepole. Mawe hayalalamiki, kwa hiyo ndoo yao ilipanda kwa kasi huku ikijigonga ukutani.

Tangu masika mwendesha winchi alikuwa akitupandisha sisi kama mawe. Si kila siku, lakini mara nyingi kiasi cha kunifanya niweke kumbukumbu daftarini. Mwenzetu mmoja aliteguka bega. Nilijua kwamba atakayefuata huenda akaanguka, na nilijua pia kwamba nikimfikishia msimamizi habari hizo, mwendesha winchi angefukuzwa siku hiyo hiyo. Alikuwa Msukuma mpole, mwenye watoto sita, na kambini tulitenganishwa na ukuta mmoja tu.

Kwa kuwa elimu yangu niliitafuta mwenyewe, niliamini kwamba kila jambo lina utaratibu wake. Nilipanga maneno yangu kwa hatua nne: salamu, sifa, dokezo, shukrani. Jumapili asubuhi nikaenda kwake.

“Mwangaluka,” nikamwamkia, kwa Kisukuma cha mtu wa Bukoba.

Salamu zilifika hadi kwa ng’ombe wa mkwewe. Kisha nikaisifu mikono yake. Nikasema winchi ikiwa katika mikono ile ina nguvu ajabu, hata sisi tulio ndani ya ndoo twaisikia mifupani. Hilo ndilo lilikuwa dokezo. Akamwita mkewe aje asikie, nikaletewa maziwa ya mgando. Naye akanisimulia kisa cha mpiga ngoma wa kwao, aliyekuwa na haraka hata pigo lake la mwisho halikusikika, na wachezaji wakalaumiwa bure. Kilinipendeza. Nilikiandika daftarini chini ya kichwa “Visa vya Wasukuma”.

Jumatatu tulipanda kama mawe.

Nikamweleza seremala wa mgodi. Yeye alikuwa Mzaramo wa pwani, na Wazaramo na Wasukuma ni watani. Angeweza kumwambia mwendesha winchi maneno ambayo mimi nikiyatamka yangeleta ugomvi wa mwaka mzima. Nikamsihi atumie busara. Akajibu kwamba busara nibaki nayo mimi, ninayeiweza.

Asubuhi iliyofuata, zamu ilipokusanyika mdomoni mwa shimo, seremala alikuja na futi kamba, akaanza kunipima kutoka utosini hadi visiginoni, mbele ya winchi.

“Unafanya nini hapo?” mwendesha winchi akauliza.

“Nakata mbao za jeneza mapema. Huyu jioni anapandishwa na Msukuma. Wewe umezoea kuswaga ng’ombe, mtani, watu utawajulia wapi?”

Zamu nzima ikacheka. Mwendesha winchi naye akacheka, maana mtani hakasirikiwi, kisha akajibu kwa sauti iliyomfikia kila mtu.

“Mla nazi wewe, mpime na mkono. Tangu masika anapiga mbili na kikohozi. Nikisikia mbili, napandisha mawe. Mwambie ya tatu aivute kama mtu aliyekula ugali.”

Hakuna aliyecheka safari hii. Nilishuka, seremala akabaki juu kuhesabu kengele. Nikavuta mara tatu, kwa vipimo sawasawa, kama nilivyojifunza.

“Mbili,” sauti ya seremala ikashuka.

Waya ulikuwa umelegea. Mvuto wangu wa tatu, kwa usahihi wake wote, ulikuwa ukikusanya ulegevu tu. Nikavuta tena, safari hii kwa uzito wa mwili mzima.

“Tatu.”

Ndoo ikanipandisha taratibu, haikugusa ukuta hata mara moja. Juu, seremala alikuwa tayari anatafuta koleo la kukazia waya.

“Kwa nini hukuniambia?” nikamuuliza mwendesha winchi.

“Ningemwambia msimamizi, ungefukuzwa. Na wewe nilikwambia Jumapili. Yule mpiga ngoma.”

“Mimi nami nilikwambia. Ile nguvu tuliyoisikia mifupani.”



“Nilidhani unanisifu,” akasema. “Mke wangu ameshawasimulia majirani wote.”