Maji ya Bahari Niliyoyachemsha Keumbu

Nikisema yaliisha nitakuwa nadanganya, maana mpaka leo nikipita Keumbu, kule Kisii, nageuza uso, na hii ni habari ya miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu wa sayansi pale, nikapelekwa Mombasa kwa mafunzo, na huko mtaalamu mmoja akatuonyesha kwamba maji ya bahari yana virusi vinavyoua bakteria, akaeleza jinsi joto, jua na chumvi vinavyovipunguzia au kuvizidishia nguvu (hapo nilikuwa nimesinzia, wali wa nazi ni mzito). Nikajaza chupa, nikarudi nayo kifua mbele.

Kanisani nikatangaza nimeleta viumbe vinavyokula magonjwa. Mwalimu mkuu akaniweka kwenye ratiba ya siku ya wazazi, akaalika na afisa wa elimu. Ila chupa ilikuwa imeanza kunuka, na mimi, msafi kupindukia, nikaona nisiaibishe shule, nikayachemsha yale maji mpaka yakatokota.

Siku ilipofika nikaweka mezani mabakuli mawili ya mchuzi wa nyama uliochacha, wenye ukungu wa bakteria, moja nikalitia maji yangu asubuhi, nikaahidi kwamba kufikia saa tisa mchuzi utakuwa mwangavu kama maji ya mvua. Saa tisa yote mawili yalikuwa na ukungu uleule. Nikasingizia baridi ya Kisii, nikaliweka bakuli juani, nikaongeza maji, nikakoroga, na kadiri nilivyokoroga ndivyo uvundo ulivyopanda, hadi afisa aliyeinama kuchungulia akatapikia tai yake.

Mama Kwamboka, mkulima wa chai ambaye hakuwahi kukaa darasani, akaniuliza kwa upole kama maji yalikuwa hivyo tangu baharini au niliyafanyia kitu. Nikamjibu niliyachemsha yawe safi.

"Sasa mwalimu," akasema, "hao wadudu wako watakula aje na umeshawapika?"

Wazazi walicheka mpaka wakashikana mabega. Wanafunzi wakaniita Mpishi muhula mzima. Nikamwandikia yule mtaalamu nikitumaini atanitetea, naye akajibu kwamba hata nisingechemsha ningeshindwa, kwa sababu virusi vya baharini hushambulia vijidudu vya baharini, mchuzi wa ng'ombe havina habari nao. Barua hiyo sikumwonyesha mtu.

Tangu hapo jaribio lolote nalifanya kwanza peke yangu nyuma ya jikoni, na likiharibika nazika bakuli.