Lugha Tatu na Cheti cha Darasa la Saba

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati la kanisani, nikafunga vifungo mpaka shingoni. Nasema kazini kwa sababu ndivyo mama alivyoniambia asubuhi ile tukielekea shuleni, upande wa Lanham, nje kidogo ya Washington. "Baba, kazi yako Marekani ni moja tu, kusoma. Zangu niachie mimi." Zake zilikuwa kuogesha na kulisha wazee wa watu majumbani kwao. Yangu ilidumu miaka minne. Sasa nina miaka ishirini na miwili na nimeshastaafu. Nawaandikia ninyi mnaofika siku hizi na vyeti vyenu vya darasa la saba kwenye bahasha ya kaki, mjue kazi ile ilivyofanywa wakati wetu.

Kazi inaanza na fomu. Kabla hujaliona darasa, ofisi ya shule inampa mzazi karatasi yenye swali: nyumbani kwenu mnaongea lugha gani? Mama alishika kalamu, mdogo wangu Neema, wa miaka miwili, akiwa mapajani. Kando yake alikaa Mama Grace wa kanisani kwetu, aliyetutangulia nchi hii miaka mingi.

"Andika Kiingereza," Mama Grace alinong'ona, kwa Kiswahili.

"Mbona hajui Kiingereza?"

"Atajua. Ukiandika Kiswahili wanamtupa kwenye darasa la wasiojua kitu. Wangu walikaa kule mpaka wakaota mvi."

Mama akaandika Kiingereza. Palipoulizwa kama kuna lugha nyingine akaandika hakuna, akasaini. Tulipotoka nje akanishika bega. "Kuanzia leo hata nyumbani ni Kiingereza tu. Tusije tukaonekana waongo."

Krediti ni alama unayopewa ukifaulu somo la mwaka mzima. Usipotimiza idadi inayotakiwa hupati cheti cha sekondari. Shule yetu ilidai, pamoja na nyingine zote, krediti mbili za lugha ya kigeni, na zote mbili ziwe za lugha moja. Kumbukeni hilo neno, lugha moja. Ndilo lililonistaafisha.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kihispania. Mkuu wetu, yaani mwalimu, tulimwita hivyohivyo kwa Kihispania, Maestra, mama mwembamba aliyeongea haraka kama anayekimbiza basi. Alifundisha Kihispania kwa kukieleza kwa Kiingereza, kwa hiyo mimi nilikuwa nafundishwa lugha nisiyoijua kwa lugha nisiyoijua. Fomu ilisema Kiingereza ni changu, basi hakuna aliyenisaidia. Nilikaa nyuma na Wilmer, kijana wa El Salvador, aliyezaliwa na Kihispania mdomoni.

"Wewe umefuata nini humu?" Wilmer aliniuliza.

"Nimepangwa. Na wewe?"

"Mimi nasubiri mtihani. Ukifanya mtihani wa lugha ya kwenu wanakupa krediti zote. Kwa nini nisome lugha ya mama yangu?"

Aliufanya, akapewa. Mimi nilifeli mwaka mzima. Wakati ule sikuunganisha habari ya Wilmer na yangu. Nilikuwa mtu wa aibu, na mtu wa aibu husikia mambo ya wenzake kama redio ya jirani.

Mwaka wa pili nilihamishiwa Kijapani, na pale, nakiri, nilikuwa na raha. Mkuu wetu, Sensei, alikuwa mzee wa mashati meupe. Kabla ya somo kiranja aliita "Kiritsu!" tukasimama wote, tukainama, ndipo tukaketi. Baada ya somo tulifuta ubao na kufagia wenyewe. Wamarekani walinung'unika. Mimi nilishika ufagio nikajiona niko Tukuyu, shule ya msingi, zamu yangu ya usafi. Na kuandika! Kila herufi ya Kijapani ina mistari yake, na kila mstari una zamu yake, upi uanze na upi ufuate. Mimi huandika polepole tangu utoto, nimechekwa kwa hilo nchi mbili. Sensei alisimama nyuma yangu siku moja akawaita wengine.

"Njooni mwone Amosi anavyoandika. Hana haraka. Ninyi mnafukuzwa na nani?"

Nilifaulu. Nikapata krediti moja. Mwaka uliofuata darasa likafungwa, wanafunzi walikuwa wachache na Sensei alikuwa anastaafu. Alinipa mkono mlangoni. "Mimi ndiye nastaafu," akasema. "Wewe endelea." Kuendelea wapi hakusema, na darasa lilikuwa limekwisha kuwa stoo ya viti.

Mshauri wa masomo, yaani mtu wa ofisini anayekupangia ratiba, akanipeleka Kihawai. Mkuu wetu wa tatu alikuwa mke wa mwanajeshi aliyehamishiwa Washington, naye kwao ni visiwani Hawaii. Tulimwita Kumu, ndiyo mwalimu kwa lugha yao. Katika darasa la Kumu hujitambulishi kwa jina kwanza. Unataja mlima wa kwenu, kisha mto au mvua ya kwenu, halafu ndipo unajitaja wewe. Mimi niliyemaliza mwaka mzima kwa Maestra bila kufungua kinywa, nilisimama nikasema, "O Rungwe ka mauna." Mlima wetu ni Rungwe. Nikasema mvua ya kwetu haijui kupumzika.

"Vizuri sana, Amosi," alisema Kumu. "Na watu wa mlima huo wanaongea lugha gani?"

Akilini nikamwona mama na kalamu yake. "Kiingereza," nikasema.

Darasa zima likacheka. Kumu hakucheka. Kengele ilipolia alinizuia.

"Bibi yangu alichapwa shuleni kwa kuongea Kihawai. Kwa hiyo alipokuwa mama hakuwafundisha wanawe. Mimi nimekuja kujifunza lugha ya bibi yangu ukubwani, kwa vitabu. Wewe nani alikuchapa?"

"Hakuna, Kumu."

"Basi kwa nini unaogopa?"

Nikamnong'oneza kwamba kwetu tunaongea Kiswahili. Yeye ndiye aliyenieleza taratibu kwamba ule mtihani wa akina Wilmer haukuwa wa Kihispania peke yake. Kiswahili nacho kilikuwamo. Nikasema nitaangalia. Lakini nilifaulu mwaka wa kwanza wa Kihawai, na wa pili nao ukawa unakwenda vizuri, nikaona sina sababu ya kuanzisha vita nyumbani.

Januari ya mwaka wangu wa mwisho mume wa Kumu akapewa uhamisho. Darasa likafungwa katikati. Tukapewa nusu krediti na chumba cha kujisomea. Hesabu yangu ikawa krediti moja ya Kijapani na moja na nusu ya Kihawai. Lugha moja yenye krediti mbili sikuwa nayo.

Nikaenda kwa mshauri wa masomo. Ilinichukua wiki mbili kugonga mlango ule.

"Naomba mtihani wa Kiswahili."

Aliangalia kompyuta. "Rekodi yako inasema nyumbani ni Kiingereza, hakuna lugha nyingine. Mtihani ni wa wenye lugha nyingine nyumbani. Mzazi aje asaini kwamba fomu iliandikwa kimakosa, nitakuandikisha siku hiyohiyo."

Jumamosi mama akiwa anakunja nguo nikamweleza. Nilimweleza kwa Kiswahili, kwa sababu nilitaka anielewe vizuri.

"Nikasaini kwamba nilidanganya?" akasema. "Na karatasi zetu bado ziko uhamiaji?"

"Si kudanganya, mama. Kimakosa."

"Kimakosa! Mtu anakosea lugha ya nyumbani kwake? Watacheka au watauliza?"

"Mama, ni nusu krediti tu. Nakuomba."

"Baba, unataka turudishwe wote watatu kwa nusu ya kitu?" Aliliweka shati chini. "Na acha kuniongelesha Kiswahili. Neema anasikia."

Hakwenda. Sikumwomba tena. Wenzangu walivaa majoho mwezi wa sita, na mimi siku hiyo nilibaki nyumbani na Neema tukiangalia katuni.

Watu huniambia upo mtihani wa watu wazima wa kupata cheti. Najua. Unafanywa kwa saa, nami bado naandika polepole. Nimeujaribu mara mbili. Sasa tunakaa Alexandria, ile ya hapahapa Marekani karibu na Washington, na mimi napanga magari kwenye maegesho ya hoteli. Kihispania changu kidogo nakitumia na wenzangu pale. Wajapani wakija nawainamia, wanafurahi, wanaondoka. Kihawai hakijawahi kuulizwa na mtu yeyote. Cheti nilichonacho ni kilekile cha darasa la saba, na bahasha ni ileile.

Tulipohamia huku ilibidi Neema aandikishwe upya. Nilimsindikiza mama. Karatasi ikaja na swali lile. Karatasi zetu za uhamiaji zilikuwa zimeshatoka, hapakuwa tena na cha kuogopa. Mama akanisogezea kalamu, bila kuniangalia.

"Andika wewe. Andika ukweli."

Nikamgeukia Neema. "Neema, mlima wa kwetu unaitwaje?"

Aliniangalia, akamwangalia mama, akauliza kwa Kiingereza nimesema nini.

Nikaandika polepole, kama nilivyofundishwa na Sensei, mstari mmoja baada ya mwingine. Kiingereza. Palipoulizwa lugha nyingine nikaandika hakuna. Mama akasaini.