Kongosho la Mama

Mama alifika Nakuru Jumamosi asubuhi, ameketi kando ya dereva kwenye lori la mbao kutoka Elburgon, amevaa gauni lake la kanisani na juu yake koti la marehemu baba. Nilimkuta mlangoni ameshika kiondo kwa mikono miwili kana kwamba ndani mna mayai. Nilipomkaribisha chai alikataa.

"Sijakula tangu jana," akasema. "Mtu anayeenda kupasuliwa hali."

"Nani anapasuliwa, Mama?"

"Mimi. Nimekuja kukupa hiyo kongosho."

Mume wangu, aliyekuwa akinyoa ndevu kwenye kioo cha dirishani, aligeuka na povu usoni, akanitazama mimi, akamtazama mama, kisha akaketi kitandani. Yeye ndiye aliyeanzisha habari hii, na sasa alikuwa ameiona imefika mlangoni imevaa viatu.

Niliugua ugonjwa wa sukari nikiwa msichana wa shule ya msingi, kabla ya uhuru. Baba alikuwa mpasuaji mbao katika kiwanda kimoja pale Elburgon, na nyumba yetu ilikuwa karibu na msitu hivi kwamba nguo hazikukauka siku nzima. Nilianza kunywa maji kama mtu aliyelishwa chumvi. Nikakonda, gauni la shule likawa linanizunguka. Majirani walisema ni minyoo. Siku niliposhindwa kuamka, baba alinibeba mgongoni hadi barabarani, akasimamisha lori, tukashuka hadi hospitali ya Nakuru.

Nilipopata fahamu, muuguzi alikuwa akimweleza mama kwamba mwilini mwangu kuna kiungo kinachoitwa kongosho, kwamba kimeacha kufanya kazi yake, na kwamba nitadungwa sindano ya insulini kila siku mpaka kufa.

"Mpaka kufa nani?" mama akauliza. "Mimi au yeye?"

"Yeye, mama."

"Basi nifundishe mimi kwanza. Yeye atajifunza baadaye, ana wakati."

Alijifunzia kwenye kiazi. Kwa wiki kadhaa viazi vya nyumbani kwetu vilikuwa na matundu. Sindano za siku hizo zilikuwa za kioo, zinachemshwa kwenye sufuria, na ncha ya chuma ilitumika tena na tena hadi ikawa butu. Baba, aliyezoea kunoa misumeno, aliinoa kwenye jiwe laini, akiijaribu kwa ukucha wa kidole gumba, na nathubutu kusema kwamba hakuna mtoto Kenya nzima aliyedungwa kwa sindano kali kama yangu. Mkojo wangu tuliupima kwa kuuchemsha na dawa ya bluu ndani ya kichupa. Ikibaki bluu, siku ni njema. Ikigeuka kijani, tunanyamaza. Ikiwa nyekundu kama tofali, mama ananitazama na kuuliza nimekula nini kwa jirani.

Nilikua hivyo. Nikasoma ualimu, nikapata kazi shule moja ya Nakuru, nikaolewa na karani wa stesheni ya reli, mwanamume mpole mwenye mazoea ya kusoma magazeti hadi matangazo ya vifo. Mimba yetu ya kwanza iliharibika. Mwaka uliofuata nilianguka darasani, chaki mkononi, katikati ya hesabu ya kugawanya. Sukari ilikuwa imeshuka. Watoto walinimiminia soda mdomoni, nyingine ikaingia puani, na nilipofumbua macho darasa zima lilikuwa linalia. Mume wangu alikuja mbio kutoka stesheni bila kofia. Hakulia, lakini tangu siku hiyo nilikuwa nikiamka asubuhi na kumkuta ananitazama kama naweza kuacha kupumua.

Zamani kidogo sote tulikuwa tumesikia redioni kwamba madaktari wa ng'ambo wamehamisha moyo wa mtu na kumtia mwingine. Mume wangu hakuisahau habari hiyo.

"Kama wanahamisha moyo," aliniambia, "watashindwaje na kitu ambacho hata watu wengi hawajui wanacho?"

Tulikwenda kumuuliza daktari wangu. Alikuwa Mhindi, mzaliwa wa Nakuru, kliniki yake iko ghorofani juu ya duka la vitambaa la kaka yake. Alituambia kwamba ni kweli, kule ng'ambo wamejaribu. Waliojaribiwa ni wachache, na wengi haikuwafaa. Lakini sasa kuna hospitali imeanza kukata kipande tu cha kongosho la ndugu wa damu aliye hai, na aliyekatwa anabaki na cha kumtosha. Rafiki yake wa chuo alikuwa akifanya kazi huko. Angeweza kuuliza.

"Mnihesabu mimi," mume wangu akasema.

"Wewe ni mume," daktari akamjibu kwa upole. "Si damu."

Jumapili hiyo tulipanda Elburgon, na mume wangu akamsimulia mama yote, kama mtu anayesimulia habari za redio. Mama alitusikiliza, akatumiminia uji, akauliza kama barabara ina matope. Tulirudi tukidhani hakuelewa.

Sasa alikuwa hapa, na njaa, na kiondo. Hatukuweza kumzuia. Tulikwenda naye kliniki, akapanda ngazi mbele yetu, akamwamkia daktari na bila kungoja kiti akatoa bakuli lililofungwa kwa jani la kabichi. Ndani mlikuwa na kipande cha nyama, cha rangi ya waridi iliyofifia, kirefu kama ulimi, chenye vidonge vidonge.

"Jirani amechinja kondoo leo alfajiri," mama akasema. "Nimetoa kila kitu cha tumboni, nikaangalia. Ni hii, daktari?"

Daktari wangu hakula nyama maishani mwake, wala baba yake, wala babu yake. Alisogeza kalamu zake, akaweka gazeti mezani, akalipokea bakuli kwa mikono yote miwili kama mtu anayepokea chakula cha ugenini. Aliinama akalitazama kwa muda.

"Ndiyo hii, mama," akasema. "Ndiyo yenyewe."

"Na yangu iko namna hii?"

"Iko hivi. Lakini yako imejificha nyuma ya tumbo, imeshikana na mishipa mikubwa. Kuitoa si kama kwa kondoo. Wewe tunataka uamke."

"Kata tu kipande. Nikiamka, sawa. Nisipoamka, mimi nimekula chumvi ya kutosha."

"Mama!" nikasema.

"Wewe nyamaza, mgonjwa ni wewe."

Daktari aliketi. Alimweleza taratibu, kwa Kiswahili chepesi, kwamba kukata si mwisho wa kazi. Mwili hukijua kitu cha mtu mwingine hata kama mtu huyo ni mama, na hukipiga vita. Ili usikipige vita, ningekula dawa kali kila siku ya maisha yangu, na dawa hizo zingeniacha bila ulinzi. Kikohozi cha mtoto mmoja darasani kingeweza kunilaza. Dawa nyingine hupandisha sukari ileile tunayoikimbia. Wengi wanaokubali upasuaji huo ni wale ambao figo zao zimeshaharibika, na figo zangu zilikuwa nzima.

Nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu mwanzo. "Na mimba?"

Alivua miwani. "Hapo sitakudanganya. Kwa dawa hizo, sijui. Ukibaki na sindano zako, na tukikuchunga sana, kuna nafasi."

Mama alifunga bakuli lake, akakubali chai yenye maziwa mengi iliyoletwa kutoka dukani chini, akala na mandazi yote.

Nilifikiri juu ya jambo hilo miezi mingi. Sitaki mtu adhani lilikuwa rahisi. Kulikuwa na asubuhi ambazo paja langu lilikuwa na uvimbe kila mahali, nisijue pa kudunga, na ningekubali kupasuliwa hata kwa msumeno wa baba. Niliwaza kula mkate nikiwa na njaa, si kwa sababu saa imefika. Niliwaza kusafiri bila kichupa kwenye mkoba. Kisha nikawaza mama kwenye meza ya watu asioijua lugha yao, na mimi chumba cha pili, na mume wangu katikati ya vyumba viwili. Ugonjwa huu nilikuwa nimeuzoea kama mtu anavyomzoea mkwe mkorofi: najua anapokasirika na najua la kumpoza. Ule mwingine wa dawa kali sikuujua.

Nilimwambia mama shambani kwake, tukivuna njegere.

"Nimeamua kubaki na sindano."

Aliendelea kuchuma. "Ni kwa sababu yangu?"

"Kidogo. Zaidi ni kwa sababu nataka mtoto."

Akajaza kiganja, akamwaga kwenye ungo. "Basi naweza kurudia ugoro?"

"Kwani uliacha?"

"Tangu siku ile bwana yako alipoeleza. Nilitaka wakute kitu safi."

Nilikaa chini kwenye matope katikati ya njegere, nikacheka hadi nikalia, na mama akasimama juu yangu akiuliza kama sukari imeshuka.

Mimba ilikuja. Daktari alinilaza hospitali wiki za mwisho, na kila siku baada ya kazi mume wangu alikuja kunisomea gazeti, akiruka matangazo ya vifo. Walinipasua ili mtoto atoke mapema. Alikuwa msichana, mkubwa kuliko watoto wote wa wodi ile, mashavu yamejaa, shingo haionekani. Watoto wa akina mama wenye kisukari huzaliwa hivyo, daktari alisema. Sukari yake mwenyewe ilikuwa chini kidogo, wakamnywesha glukosi kwa kijiko, na kufikia kesho yake alikuwa analia kwa sauti ya kuridhisha.

Mama alimpokea, akampima uzito kwa mikono, akamgeuza huku na huku.

"Huyu amekula sukari yako yote," akasema.

Kisha akamfunga mgongoni kwa shuka ya hospitali, muuguzi akimkataza, na akaenda naye dirishani kumwonyesha mvua.