Mguu wa Pampu Ulioondoka Mbele ya Wageni

Ofisini walimwita Mama Nyavu, ingawa hakuwahi kuvua hata samaki mmoja. Kazi yake ilikuwa kuzivika nyavu mashine ambazo bado hazijazaliwa. Kabla pampu haijatengenezwa, mchoro wake huingizwa kwenye kompyuta ili ijulikane kama itastahimili mtikisiko. Lakini kompyuta, pamoja na majivuno yake yote, haijui chuma kizima. Inataka kila kipande kifunikwe wavu wa pembetatu ndogondogo, na pale vipande viwili vinapogusana, fundo la wavu huu likutane na fundo la wavu ule, pua kwa pua. Yakipishana, kompyuta huviona vipande hivyo kama wapita njia wasiojuana.

Angeifurahia kazi hiyo, lau si michoro ya kuletewa. Na mletaji mkuu alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, mchoraji wa mashine katika karakana ya upande wa pili wa mji. Bwana huyo alitumia programu nyingine, na faili lilipohama kutoka programu ile kuingia hii, lilifika kama mzigo ulioporomoka ngazini: kipande hiki kimezama ndani ya mwenzake, kile kinaning'inia. Tena alipenda mapambo. Kila boliti aliichora na hesi zake zote, ile mizunguko ya kukazia nati, hata zile zisizoonekana, na ubavuni mwa pampu akaandika kwa herufi zilizovimba: FUNDI WA MAFUNDI. Kompyuta ikifika hapo humwaga pembetatu kama mchanga, kisha huganda. Mama Nyavu alizifuta herufi hizo kila mara, kimyakimya.

Siku moja meneja akaalika wateja waje kuona pampu mpya ikijaribiwa kwenye skrini. Faili likaingia asubuhi hiyohiyo. Mama Nyavu akafuta herufi, akang'oa hesi, akaivuta nje gasketi, ule mpira wa kuziba maungio, iliyozama, akaziunganisha nyuso zinazogusana ziwe uso mmoja wenye wavu mmoja. Alikuwa amebakiza miguu, meneja akatokea na kikombe cha chai.

"Wageni wamekaa. Twende."

"Bosi, miguu bado sijaikagua."

"Mguu ni mguu tu. Nani anaangalia miguu?"

Wote waliangalia miguu. Pampu ilianza kutikisika kwa adabu, kisha mguu mmoja wa nyuma ukajitenga, ukayumba, ukajiondokea zake nje ya skrini kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka. Pampu ikainama upande.

"Unakwenda wapi?" akauliza mteja mmoja mzee.

"Huo..." meneja akakohoa. "Huo unatoka. Kurahisisha usafirishaji."

Shemeji mtu, aliyekaa mstari wa mbele na tai shingoni, akainuka kama amechomwa sindano. "Kompyuta yenu mbovu! Mimi mguu niliuacha umeshika!"

"Shemeji, njoo uone." Mama Nyavu akaukuza mchoro, akaukuza tena, mpaka kati ya mguu na kitako cha pampu pakawa na uwazi wa kupitisha kitanda.

"Hilo pengo ni jembamba kuliko unywele!"

"Kwa kompyuta, pengo ni pengo. Talaka haina nusu."

Wageni wakaangua kicheko. Shemeji akakusanya makaratasi yake, akaondoka bila kuaga.

Jioni Mama Nyavu alimsimulia mumewe, naye akacheka hadi akashika ukuta. Mume angeishia hapo ingekuwa heri. Lakini mdomo ukamwasha, akampigia mama yake simu huku kicheko hakijamwisha: "Mama, mguu wa kaka umetoka mbele ya wageni!" Mtandao ukakatika.

Mama mkwe hakungoja kuambiwa mara mbili. Alibeba chupa ya dawa ya kuchua na bendeji, akaenda moja kwa moja kwa mwanawe mkubwa, akamkuta kajinyoosha kwenye kochi, kanuna.

"Usisimame!"

"Mama, si mguu wangu. Ni wa pampu."

"Masikini mwanangu, maumivu yamekupanda kichwani. Upi?"

Alijaribu kueleza habari za nyavu na mafundo. Mama akamwekea kiganja kwenye paji la uso kumpima homa. Mwishowe mwana akaona yaishe, akatoa mguu wa kushoto. Alichuliwa mpaka machozi yakamtoka.

Kesho yake likaja faili jipya na ujumbe: "Nimeukandamiza. Hautoki tena mpaka kiama." Mama Nyavu alilifungua, akashika kichwa. Mguu ulikuwa umezama ndani ya kitako kama kisu kwenye papai. Akaandika jibu kali, akalifuta, akapiga simu.

"Shemeji, mguu unaendeleaje?"

"Upi?"

Hapo wote wawili wakashindwa kujizuia, na hasira ikaisha.

Shemeji akaja ofisini bila tai, akichechemea kidogo. Akavuta kiti mbele ya skrini.

"Na jina langu liko wapi?"

"Nimelifuta."

"Lini?"

"Kila mara."

Akasogeza kiti karibu zaidi. Wakaurudisha mguu mpaka ukagusa tu, usizame wala usiachane. Nyuso mbili zikawa moja, wavu ukatandazwa. Shemeji akayafuata mafundo kwa kidole, moja moja. "Yamekaa!" akasema, kama mtu aliyeoneshwa mtoto mchanga.

Wakaitikisa pampu. Miguu ikatulia, ila juu ya mmoja, kwenye sikio la kufungia boliti, pakawaka doa jekundu.

"Rangi nzuri," shemeji akasema.

"Si rangi hiyo. Hapo ndipo patapasuka."

Shemeji akaliinamia doa lile. "Ungeniambia jana, ningebisha."

"Najua."

"Ningebisha wiki nzima." Akaomba kalamu, akalichora sikio upya, nene zaidi.

Tangu hapo akawa anachora mafaili mawili: moja la mapambo kwa ajili ya kiwanda, jingine tupu kwa ajili ya nyavu. La kwanza tupu lilikuja na ujumbe: "Nimeivua nguo zote, shemeji. Usimwonyeshe mtu." Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mama Nyavu. Kumweleza kulimchukua asubuhi nzima.

Wateja waliporudi, pampu ilitikiswa mbele yao na haikuachia kitu, wakaikubali. Meneja ndiye aliyesimama kuwaeleza mambo ya mafundo kukutana pua kwa pua, akachanganya kila kitu kwa kujiamini kabisa. Mama Nyavu na shemeji yake, waliokaa nyuma kabisa, walimwacha amalize.